Kitabu Kimeombwa na Msomaji Mwingine

"Dada Samiha, unanisikia? Mvua inapiga huku, ongea kwa nguvu kidogo."

"Nakusikia, kaka Sabiri. Uko wapi?"

"Niko kilimani. Kule chini mtandao hakuna, si unajua. Nimepiga kuongeza muda wa kitabu, leo ndiyo mwisho wake."

"Umepanda kilima kwenye mvua hii kwa ajili ya kitabu?"

"Sasa ningefanyaje? Sheria ni zenu wenyewe."

Halafu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kile kinachotoka chini kabisa ya kifua, na Samiha akajikuta ameishika simu ya kaunta kwa mikono miwili.

"Una dawa hapo?"

"Nina tangawizi."

"Tangawizi si dawa, kaka Sabiri."

"Basi nina tangawizi na limau."

Samiha akacheka peke yake pale kaunta, mpaka msomaji mmoja wa magazeti akanyanyua macho. Sabiri akaanza kumwelezea alipofika kwenye riwaya yake: kijana mkubwa wa familia ile ametoroka nyumbani na baba mtu hataki jina lake litajwe. Samiha alikuwa anajua kijana atarudi katika hali gani, maana kitabu alikisoma chote kabla ya kukituma, ila akaubana ulimi. Mvua ikaongezeka, sauti ikawa inakatika vipande vipande, mwisho simu ikazima.

Samiha alikuwa mkutubi katika maktaba moja pale Tanga mjini. Pangani hakukuwa na maktaba kubwa, kulikuwa na chumba cha kusomea tu, kinachoangaliwa na mwalimu mstaafu anayeitwa Elizabeti. Msomaji wa kule akikitaka kitabu ambacho hakipo, Mwalimu Elizabeti anapiga simu Tanga, Samiha anakitafuta rafuni, anakipanga kwenye kasha la plastiki, na basi la Alhamisi linakipeleka. Msomaji anapewa wiki mbili. Akitaka kuongezewa, lazima apige simu Tanga yeye mwenyewe, kwa sauti yake, kwa sababu kitabu ni cha Tanga na Mwalimu Elizabeti hana mamlaka nacho.

Sheria hiyo iliwaudhi wasomaji wengi. Sabiri hakuwahi kulalamika.

Alikuwa mlinzi na mwangalizi wa vibanda vya wageni ufukweni Ushongo. Msimu wa wageni ukiisha, mwenye mali anarudi zake Arusha, wapishi wanatawanyika, na Sabiri anabaki na minazi na vitanda vilivyofunikwa mashuka. Mkewe alifariki miaka mingi nyuma, watoto hawakujaliwa. Alikuwa anasoma kila kinachokuja, kuanzia riwaya mpaka kitabu cha magonjwa ya minazi, na vitabu vyake vilikuwa vinarudi na mchanga katikati ya kurasa. Samiha aliukung'uta mchanga ule taratibu kuliko ilivyohitajika.

Hawakuwahi kuonana. Na hapa ndipo uelewe jambo moja, usije ukawacheka baadaye. Mwanamume wa pwani mwenye adabu zake hampigii simu mwanamke asiye wake bila shughuli. Samiha alikuwa ameachika, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga Usagara, na mwanamke wa namna hiyo maneno ya watu hayako mbali naye. Sabiri alilijua hilo. Hakuwahi kuomba namba yake. Alipiga simu ya kaunta, ile ya mkononi ya maktaba, saa za kazi, akiwa na sababu, na sababu ilikuwa ni kuongeza muda. Wakishamaliza hilo la muda ndipo wanapozungumza mengine yote. Tarehe ya kurudisha kitabu ndiyo iliyokuwa mshenga wao.

Sasa tazama alichokifanya Samiha siku ile ya mvua.

Kikohozi kilikuwa bado kinamlia masikioni. Akafungua kompyuta, akaangalia kama kuna mtu mwingine anayeisubiri ile riwaya. Hakuna. Kwa sheria alitakiwa aongeze wiki mbili. Yeye akapeleka tarehe mpaka mwisho wa Desemba, na ilikuwa Mei. Kisha akaandika ujumbe kwenye simu ya kaunta:

"Kaka Sabiri, kitabu chako kimeongezwa muda hadi mwisho wa Desemba. Usipande tena kilimani kwa ajili ya hili. Ugua pole. Maktaba."

Jibu likaja jioni: "Ahsante sana, dada."

Samiha akaenda nyumbani amefurahi, anajiona amemtendea mtu wema mkubwa. Jamani, Samiha.

Wiki mbili zikapita, simu haikulia. Akasema moyoni, ni kweli, hana haja ya kupiga. Zikapita nyingine. Mvua za masika zikaisha, Juni ikaingia na baridi yake kidogo, na kila simu ya kaunta ilipolia Samiha aliinyakua kabla haijalia mara ya pili. Mara ni mzazi anauliza mnafungua saa ngapi, mara ni mtu amekosea namba. Alijibu kwa upole, akaweka simu chini, akaendelea kubandika namba kwenye migongo ya vitabu.

Mara nyingi alitaka kupiga yeye. Angesema nini? Kitabu hakijachelewa. Deni hana. Na mwanamke ampigie mgane wa watu kumuuliza tu yuko salama, wakati mwenyewe amekaa kimya? Labda amepata mtu, alijiambia. Labda vile vyote vilikuwa adabu tu, na yeye mjinga akavichukulia kuwa mapenzi.

Usiku wa Usagara aliusikia kupitia ukutani: televisheni ya jirani, watoto wa jirani, jirani mwenyewe akimwita mumewe aje ale. Yeye alipika ugali kidogo, dagaa kidogo, akala amekaa kitandani. Upweke alikuwa ameuzoea tangu talaka, hakuwa mtu wa kujililia. Lakini huu ulikuwa mwingine. Ule wa zamani haukuwa na sauti ya mtu ndani yake.

Septemba shangazi yake, Bi Asmahani, akamwita Tongoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, chai ipo. Unamjua Masoud?"

"Masoud mwenye duka la vipuri vya pikipiki?"

"Huyo huyo. Ameleta maneno."

Samiha akaangalia kikombe. Masoud alikuwa mtu mzuri, hilo lisemwe wazi. Anaswali, hanywi, wateja wake hawamsemi vibaya. Kila mwezi alipita maktaba kusoma gazeti na kumsalimia. Bi Asmahani akaeleza yote hayo kwa urefu, akaongeza na nyumba yake ya Makorora na kisima chake.

"Sasa unaniambiaje?" akauliza mwisho.

"Sijui, shangazi."

"Hujui nini? Umri unakwenda, mwanangu. Mimi nikiondoka leo, nani atajua kama wewe umeamka?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilokuwa akiliwaza mwenyewe kila alipofunga mlango kwa ndani.

"Kuna mtu mwingine?" shangazi akauliza, sauti imeshuka.

"Hakuna."

"Samiha."

"Kuna mtu tulikuwa tunaongea. Hatuongei tena."

"Alileta maneno?"

"Hapana."

"Basi hayupo," akasema Bi Asmahani, bila ukali. "Watu wa Masoud wanakuja Jumapili ijayo kuchukua jibu. Nimewaambia waje. Ukitaka kukataa, kataa, lakini uje na sababu ya kunieleza mimi, maana nitakayekaa nao barazani ni mimi."

Jumatatu asubuhi Mwalimu Elizabeti alipiga simu kama kawaida yake kuagiza vitabu vya wiki. Samiha akamwamkia, akaandika maombi yote, na alipokuwa anakaribia kuaga akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, wasomaji wa ng'ambo ya mto kule Ushongo wanaendeleaje.

"Yule Sabiri?" Mwalimu Elizabeti hakuwa mtu wa kuzungushwa. "Yule haazimi tena. Mwezi uliopita alivuka kuja sokoni, nikamwambia rudisha hicho nikuagizie kingine. Akakataa. Anasema hicho hicho kinamtosha."

"Bado hajakimaliza?"

"Amekimaliza zamani. Ameniambia mwenyewe anakirudia. Nikamuuliza, mbona siku hizi hupigi Tanga, ulikuwa kila mara unanisimulia mkutubi kasema hivi, mkutubi kasema vile. Akaniambia, mwalimu, mtu akikufungia mlango kwa heshima, na wewe ondoka kwa heshima."

Samiha akaiweka kalamu chini.

"Upo, binti?"

"Nipo, mwalimu."

"Mlango gani huo ulimfungia?"

Samiha akaaga upesi, akaweka simu chini. Kisha akafungua kompyuta, akaitafuta ile riwaya, akaiona tarehe aliyoiweka kwa mkono wake, mwisho wa Desemba, na ndipo kichwa kikamfunguka. Alikuwa amempa mwanamume yule miezi ya kutosha kutopiga simu. Sababu pekee aliyokuwa nayo, yeye Samiha kaichukua, tena kwa kumtakia afya njema.

Angeweza kumwandikia na kueleza. Alianza mara kadhaa, akafuta. Kila alichoandika kilionekana ama kidogo mno ama cha aibu. Mwisho akafanya kile anachokijua. Akachukua kadi yake mwenyewe ya uanachama, akaingiza namba yake kwenye kompyuta, akaiomba ile riwaya kama anavyoiomba msomaji yeyote. Kitabu kikiombwa na mwingine, aliye nacho lazima akirudishe, hata kama ameongezewa muda. Akatuma ujumbe:

"Kitabu ulichonacho kimeombwa na msomaji mwingine. Tafadhali kirudishe chumba cha kusomea Pangani siku ya Alhamisi. Maktaba."

Jibu lilichelewa mpaka siku ya pili. "Sawa. Nitakileta."

Alhamisi akamwomba mwenzake amshikie kaunta, akapanda basi pamoja na kasha lake. Mpaka Kigombe alikuwa anajipanga aseme nini. Baada ya Kigombe aliacha.

Mwalimu Elizabeti alimpokea, akamtazama buibui lake jipya na wanja aliopaka, asiseme neno. Wakatoa vitabu kwenye kasha. Pantoni ilikuwa imeshavusha mara ya kwanza na Samiha alikuwa anaangalia mlango badala ya kazi.

Akaja mtu mrefu, mwembamba, ndevu zimeingia mvi, shati limepigwa pasi. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kitambaa cheupe. Alimwamkia Mwalimu Elizabeti, akakifungua kile kitambaa, akaweka riwaya mezani.

"Nimekirudisha," alisema. "Huyo anayekitaka asichelewe, ni kitabu kizuri."

"Ahsante, kaka Sabiri," akasema Samiha.

Mwanamume akageuka. Uso wake ulifanya kitu ambacho Samiha hakukijua, kwa sababu uso wake hakuwahi kuuona. Mwalimu Elizabeti akasema anakwenda kununua chapati, akaacha mlango wazi kama inavyopaswa, akaondoka.

"Kumbe ndiye wewe," Sabiri akasema.

"Ndiye mimi."

"Karibu Pangani."

"Ahsante."

Watu hawa wawili walikuwa wamezungumza habari za vifo, habari za ndoa, habari za Mungu, na sasa hawakuwa na neno. Samiha akasogeza kitabu kikae sawa na ukingo wa meza. Sabiri akaangalia dari. Akauliza kama njia ilikuwa nzuri, akaambiwa ilikuwa nzuri. Akasema basi yeye atoke, asimcheleweshe kazi. Akatoka.

Samiha alibaki amekaa, macho yamemjaa. Alimwona kupitia dirishani amesimama barazani, amempa mgongo, haondoki. Halafu simu ya kaunta, aliyokuwa amekuja nayo kwenye mkoba, ikaanza kulia.

"Maktaba," akaitika.

"Dada Samiha. Ni mimi Sabiri."

Alikuwa pale pale barazani, mgongo uko dirishani, simu iko sikioni.

"Nakusikia, kaka Sabiri."

"Uso kwa uso nimeshindwa. Niwie radhi. Huyo msomaji aliyekiomba kitabu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ulishakisoma. Ulikisoma kabla yangu."

"Ulijuaje?"

"Nikikusimulia ulikuwa unanyamaza pale ambapo mtu asiyejua angeuliza." Akavuta pumzi. "Kama ulikitaka ungeniambia, ningekutumia. Hukuhitaji kuja kuninyang'anya."

"Ningekuambia vipi na hupigi simu?"

"Ningepigaje, Samiha? Ulinipa mpaka Desemba. Mimi nina akili zangu. Mwanamke akikwambia usipande tena kilimani, umemchosha."

"Ulikuwa unakohoa."

"Nini?"

"Ulikuwa unakohoa, Sabiri. Ulikuwa kwenye mvua. Niliogopa utakufa kule juu kwa ajili ya sheria zetu. Niliona nikikupa muda mrefu utapumzika. Sikujua kwamba nimejinyima mwenyewe. Nimekaa tangu Mei naidaka simu kila ikilia."

Mgongo ule wa barazani haukusogea.

"Mimi kile kikohozi kilipona siku ya tatu," akasema Sabiri taratibu. "Kilima nilikuwa nakipanda kila siku. Nafika juu, natoa simu, natafuta sababu, sipati, nashuka. Kitabu nimekisoma mpaka nakijua. Nilikataa kukirudisha kwa sababu kikirudi nami siko tena kwenye hesabu zenu."

"Nilidhani umepata mtu."

"Nimpate wapi, Ushongo, na minazi ile?"

Samiha akacheka, na machozi yakashuka humo humo kwenye kicheko. Akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Nisikilize," akasema. "Kuna mtu anaitwa Masoud. Amepeleka maneno ya posa kwa shangazi yangu Tongoni. Wanakuja kuchukua jibu Jumapili hii."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri."

"Unamtaka?"

"Nimesafiri na kasha la vitabu mpaka Pangani, Sabiri. Sasa niambie wewe unataka nini. Sema wazi, usizunguke."

Alimsikia akivuta pumzi aanze. Kisha simu ikatoa mlio mfupi, ikanyamaza. Kule barazani Sabiri akaishusha simu yake, akaitazama, akabonyeza, akaitikisa. Salio lilikuwa limekwisha.

Akaangalia njia ya kwenda kwenye pantoni. Abiria walikuwa wameanza kushuka na mizigo. Samiha alikuwa na simu mkononi na salio lilikuwemo, angeweza kumpigia yeye, kidole kilishafika kwenye jina. Akajizuia. Alishamrahisishia mtu huyu mambo mara moja, na matokeo yake ameyaona. Akaiweka simu mezani, kifudifudi, akakaa mikono mapajani.

Sabiri akageuka. Akaingia ndani, akasimama upande wa pili wa meza, akamtazama usoni. Mikono ilikuwa haijui iwe wapi.

"Tongoni," akasema, "nikipanda basi la huku Pangani, nashukia wapi?"



"Mwambie kondakta akushushe penye msikiti. Uulize kwa Bi Asmahani, kila mtu anapajua."

"Jumapili nikija nitawakuta hao watu wa Masoud."

"Jumapili utawakuta."

"Mimi sina wazee wa kunisemea, Samiha. Baba hayupo, ami yangu yuko Mkwaja na hatembei. Nitakuja na nani?"

"Utakuja na mimi," akasema Mwalimu Elizabeti kutoka mlangoni, chapati ziko mkononi zimepoa. Haikujulikana alikuwa amesimama pale tangu lini. "Mimi ni Mkristo, sawa, na ni mwanamke, sawa. Nimekupokelea vitabu miaka yote hii, sitashindwa kukusemea siku moja."

Sabiri akamtazama mwalimu, akarudisha macho kwa Samiha.

"Basi tunakuja Jumamosi," akasema.

Jumamosi wakaja. Bi Asmahani alimhoji Sabiri mpaka adhuhuri: kazi, sala, ukoo, marehemu mkewe alifariki kwa nini. Alimuuliza pia kwa nini mtu mzima akae miezi bila kupiga simu, akajibiwa, akamgeukia mpwa wake na kumwambia kwamba katika maisha yake amesikia ujinga mwingi ila huu wa leo ameuweka peke yake. Kesho yake watu wa Masoud walijibiwa kwa heshima na kulishwa pilau, na Masoud mwenyewe bado anakuja kusoma gazeti, ingawa siku hizi anakaa meza ya mbali.

Ndoa ilifungwa Tongoni. Mkitaka kusikia kwamba sasa wanaishi pamoja, bado. Kazi ya Samiha iko Tanga, ya Sabiri iko Ushongo, na mpaka mmoja apate mahali pengine wanaonana mwisho wa wiki, pantoni na basi vikipenda. Katikati ya wiki Samiha bado anapika kidogo, anakula amekaa kitandani, na televisheni ya jirani bado inasikika ukutani. Lakini jua likizama simu yake inalia, simu yake mwenyewe, si ya kaunta.

"Halo?"

"Ni mimi."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepiga tu."